Jinsi ya Kukosa Kazi ya Ualimu Ukiwa Umevaa Suti

Mwalimu, TSC, tume inayoajiri walimu nchini Kenya, imetangaza nafasi, jina lako limeitwa kwenye mahojiano, na kote Ukambani, kuanzia Tseikuru hadi Mtito Andei, kila mwenye cheti anapiga shati pasi. Wa kukushauri jinsi ya kupita ni wengi. Mimi nitakufundisha kuanguka kwa heshima, utoke pale kichwa juu na mikono mitupu.

1. Idharau bahasha ya vyeti. Walioajiriwa wanajua jambo moja ambalo hawalisemi kwa sauti: alama nyingi ziko kwenye karatasi. Kuna alama za vyeti, kuna alama za mwaka uliohitimu, na aliyemaliza chuo zamani akakaa nyumbani akingoja ana mtaji ambao Kiingereza chako hakiufikii. Jopo likishajaza jedwali lake, ulimi unabakiwa na kipande kidogo cha kugombania. Basi wewe ushughulikie ulimi. Kesha mbele ya kioo ukijihoji na kujijibu. Cheti halisi cha kidato cha nne, KCSE, kiache kwa mama kule Kyuso, ndani ya sanduku, chini ya leso za harusi. Ukiulizwa, onyesha picha yake kwenye simu.

2. Majina yaache yalivyo. Tuseme kitambulisho kinakuita Syombua, cheti cha shule kinakuita Syombuwa, na kile cha usajili wa TSC kimetanguliza jina la baba. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili ingelimaliza hilo wiki iliyopita. Usiifuate. Mwache mwenyekiti asome herufi mojamoja, avue miwani, aivae tena, amsogezee mwenzake karatasi, kisha wote wawili wakutazame kama waliokuta watu wawili kwenye kiti kimoja. Hapo cheka kidogo useme, "Ni mimi tu, bwana."

3. Nakala zitolewe asubuhi hiyohiyo. Teremka mjini Wote dakika chache kabla ya mahojiano uone wapinzani wako wote wakiwa kwenye foleni ya mashine moja. Stima ikipotea, umeshafaulu kufeli bila hata kufungua mdomo.

4. Tafuta undugu. Ukishaketi, chunguza jina la mwenyekiti. Likinukia nyumbani, mweleze kwamba nyinyi wawili ni wa ukoo mmoja, Aombe, na kwamba marehemu babu yako alilima naye ng'ambo ya mto. Sema mbele ya jopo zima, hasa mbele ya yule wa ukoo wa Atangwa anayeshika kalamu. Mwenyekiti aliyekuwa na nia ya kukusaidia sasa atalazimika kukukazia, watu wasije wakasema.

5. Linda hadhi yako. Hii ndiyo hatua ninayoipenda, maana haihitaji maandalizi. Majivuno kila mtu anayo. Tangu Januari 2023 sekondari ya msingi, JSS, imewekwa ndani ya shule za msingi. Mwalimu mkuu wa msingi ndiye anayeshika funguo za ofisi, kitabu cha mahudhurio na birika la chai. Wewe una digrii. Ukiulizwa utafanyaje kazi naye, kaa wima, jibu kwamba ulisomea shule ya upili na hutarajii kuulizwa ulikokuwa saa mbili kamili na mtu wa cheti cha ualimu wa msingi, P1. Angalia vizuri kabla hujamaliza sentensi. Huyo mama mwenye kitambaa cha kijani, anayeandika polepole pembeni, amekuwa mwalimu mkuu tangu ukiwa kwenye kaptura. Malizia sentensi hivyohivyo.

6. Wakikuuliza kuhusu mtaala wa umilisi, ulaani. Sema ule wa 8-4-4 ndio uliozaa watu. Mtahiniwa mwoga angetaja umilisi wa msingi, ambao ni saba tu: mawasiliano na ushirikiano, fikra tunduizi, ubunifu, uraia, ujuzi wa kidijitali, kujifunza jinsi ya kujifunza, na kujiamini. Angeongeza mfano wa darasani, labda wanafunzi wa Kibwezi wakipima maji yanayopotea kwenye bomba la shule. Wewe taja vipengele viwili, cha tatu useme "na kadhalika".

7. Wakisema, "Una swali lolote?", usiulize kuhusu wanafunzi. Uliza uhamisho. Ulizia kama Tseikuru kuna mtandao, kisha ulizia marupurupu ya mazingira magumu, kwa mpangilio huohuo. Kama nafasi ni ya uanagenzi wa JSS, shangaa kwa sauti kusikia ni shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ingawa tangazo ulilisoma mwenyewe.

Njia ya mkato ya kuanguka ipo pia. Kuna mtu anayemjua mtu Upper Hill, kwenye makao makuu ya TSC. Hana ofisi, ana namba ya simu. Tume hutangaza kila mara kwamba haitozi mtu senti, na hilo ndilo linalomfanya huyu wako awe wa pekee. Uza mbuzi wawili, ongeza hela za maembe ya msimu, mtumie kwa M-Pesa, na usimwambie mke wala mume. Atakujibu "iko sawa". Kisha simu itakuwa imezimwa.

8. Orodha ikitoka bila jina lako, lalamika kwa bidii. Andikia Rais, askofu, na redio inayotangaza kwa Kikamba. Mkurugenzi wa TSC wa kaunti yako, anayeshughulikia malalamiko hayo, mruke. Nakala ya mwisho mpelekee gavana. Akikujibu kwamba serikali ya kaunti huajiri walimu wa chekechea, si wa sekondari, mwambie hata hiyo utaichukua, mradi shule iwe karibu na lami.