Sifa za Patasi Butu

Ubutu ni hali ya chombo cha kukatia kupoteza makali yake. Katika ukerezaji, yaani kazi ya kuunda bakuli, miguu ya viti au vipini kwa kuufunga mti kwenye mashine inayouzungusha na kuuwekea patasi, hali hiyo haibagui. Huipata patasi ya bei ghali na ile iliyofuliwa na mhunzi wa mtaani kutokana na springi ya gari; huipata ya fundi mkuu na ya anayekereza Jumapili ili kupumzisha akili. Vitabu vya ufundi huutaja ubutu kwa kifupi, kama kasoro, kisha hurukia kwenye kunoa. Haki haikutendeka. Katika karakana ya nyumbani hakuna msaidizi mwingine anayefika kazini kila siku bila kuitwa, asiyedai ujira, na ambaye akifukuzwa asubuhi hurudi kabla ya chakula cha mchana.

Nasaba yake ni njema, kwani huzaliwa na kazi yenyewe. Bakuli lenye kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hupitisha mbele ya makali karibu mita 940 za mti kila dakika. Nusu saa ya kukata ukingoni ni safari ya kilomita zaidi ya ishirini, na makali huifunga yote bila kupumzika. Miti nayo husaidia. Msaji hubeba silika ndani ya nyuzi zake. Mvule huficha vijiwe vya chokaa ambavyo havionekani mpaka patasi ivigonge. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ugumu wake huyala makali hata ukiwa safi. Magome yaliyoshika mchanga hufaa pia, na mbao za kuokota zenye msumari uliosahaulika humaliza kwa mpigo mmoja shughuli ambayo mvule ungeichukulia asubuhi nzima.

Wapo waliojaribu kuuchelewesha ubutu. Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem nchini Marekani, waliendeleza chuma chenye tungsteni na kromiamu kisichopoteza ugumu hata kikipata joto kali. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu walitazama vyombo vyake vikikata chuma huku ncha zikiwa nyekundu kwa moto. Patasi za kukerezea za leo nyingi hutengenezwa kwa chuma cha ukoo huo. Ubutu haukukasirika. Ulichofanya ni kuchelewa kidogo, kisha ukafika kama kawaida.

Kuutambua si kazi. Makali yaliyonolewa sawasawa hayaonekani: yakielekezwa kwenye taa hayarudishi mwanga, kwa sababu nyuso mbili za chuma zimekutana kwenye mstari usio na upana wa kumeta. Makali butu hung'aa. Penye ubutu huonekana uzi mweupe mwembamba, na penye pengo dogo hutokea nukta yenye kumeta kuliko mahali pengine pote. Kwa hiyo ubutu ni mkweli, haufichi hali yake kwa anayetaka kuitazama. Asiyetaka kutazama huambiwa na maranda. Patasi inayopata hutoa maranda marefu, na mti ukiwa mbichi huruka juu ya bega la mkerezaji kama utepe. Isiyopata hutoa unga. Sauti nayo hubadilika, kutoka mchakacho mwororo hadi mlio wa kukwangua unaosikika hadi kwa jirani, ambaye hivyo hupata habari za maendeleo ya kazi bila kusumbuka kuja kuuliza.

Faida ya kwanza ya ubutu ni kwa mwili. Patasi kali huhitaji kuongozwa tu. Mgongo wake, ule mteremko ulio nyuma ya makali, huegemea mti, na mkono hufuata umbo. Patasi butu hutaka kusukumwa. Mabega, viganja na kiuno hupata mazoezi ambayo watu wengine huyalipia ada ya mwezi. Faida hii huambatana na nyingine, ya kuamsha akili. Chombo kinachosukumwa kwa nguvu huteleza juu ya mti bila kukata, kisha ghafla kikapata pa kuuma, kikazama, na bakuli likang'oka kwenye mashine. Anayekereza kwa patasi butu hasinzii, na miwani ya kinga au ngao ya uso, ambayo mwenye patasi kali huivaa kwa kufuata kanuni, yeye huivaa kwa imani.

Faida ya pili ni kwa biashara, na hapa ubutu hauna mfano. Uso uliokatwa kwa makali mazuri huweza kuanza kusuguliwa kwa msasa namba 180 au hata 240. Uliokatwa kwa patasi butu huanza na namba 80, kisha 120, 180, 240, 320, na anayependa kung'arisha hufika 400. Hakuna namba inayorukwa, kwa kuwa kazi ya kila msasa ni kufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Mwenye duka la vifaa hulijua jambo hili vizuri zaidi kuliko wateja wake. Msasa nao hutoa zawadi zake. Ukishikiliwa mahali pamoja kwa muda mrefu hupasha moto mti na vidole kwa pamoja, na mti ukapata nyufa ndogondogo. Tena msasa hula upande laini wa nyuzi haraka kuliko upande unaoelekeza ncha za nyuzi nje, hata bakuli lililokuwa duara kamili likawa na umbo la yai. Hapo mkerezaji hupata kitu cha kipekee ambacho mashine yake haikuundwa kukitoa.

Kwa unga wake mwepesi ubutu umepata hata kutambuliwa kimataifa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Maranda marefu huanguka sakafuni na kufagiliwa kwenda kutandikwa kwenye banda la kuku. Hayana safari nyingine. Vumbi laini hubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, likatua kwenye kahawa, kwenye nguo na kwenye mapafu ya asiyevaa barakoa. Ni patasi butu na msasa unaoifuata vinavyoigeuza sehemu kubwa ya mti kuwa vumbi hilo badala ya maranda.

Faida ya tatu ni kwa heshima ya mkerezaji. Bakuli likichanika nyuzi, hulaumiwa mti kwamba una nyuzi mbishi, au mashine kwamba inatetemeka, au muuza mbao kwamba hakuukausha. Ubutu huwaacha wote hawa wasemwe na wenyewe hukaa kimya. Ukweli ni kwamba katika kila mzunguko wa bakuli kuna sehemu mbili, zinazotazamana, ambapo makali hukutana na nyuzi kutoka upande mbaya. Patasi kali huzikata hata hapo. Butu huzing'oa. Mchaniko huo hauonekani sana mti ukiwa mkavu, lakini ukipakwa mafuta ya kitani, au nta, au vanishi, nyuzi zilizochanika hunywa zaidi na kugeuka mabaka meusi mawili, moja huku na jingine kule. Hiyo ndiyo sahihi ya ubutu, na haifutiki kwa mkono wa pili wa vanishi. Kinyume chake huonekana zaidi, maana kinachong'aa huvuta jicho.

Maadui wa ubutu si wengi, ila ni wakorofi. Wa kwanza ni jiwe la kunolea linalozunguka, hasa likiwa la kasi ya chini. Wa pili ni gurudumu la nitraidi ya boroni yenye fuwele za mchemraba, kitu ambacho Robert Wentorf wa kampuni ya General Electric alifanikiwa kukitengeneza mwaka 1957 na ambacho ugumu wake hupitwa na almasi pekee katika vinoo vya kawaida. Wa tatu ni kalamu ya wino mzito, na huyu ni wa hatari kwa kuwa ni wa bei nafuu. Mgongo wa patasi hupakwa wino wote, ukaguswa kwenye jiwe mara moja, kisha ukatazamwa. Wino ukifutika kisiginoni tu, yaani mwisho wa mgongo ulio mbali na makali, pembe imekuwa ndogo mno. Ukifutika penye makali tu, pembe imekuwa kubwa mno. Ukifutika kote, pembe ni sahihi. Baada ya hapo patasi huegeshwa kwa wepesi mpaka cheche zianze kuvuka juu ya makali, kisha huondolewa. Kazi yote ni ya dakika moja. Kwa chuma cha kaboni cha zamani kuna tumaini kidogo: kikishikiliwa kwenye jiwe kwa pupa mpaka kigeuke bluu, karibu nyuzi joto 300 za selsiasi, ugumu wake umekwisha, na ubutu utarudi upesi kuliko ulivyoondoka.

Kuutunza ubutu ni rahisi. Patasi zote hutupwa pamoja kwenye droo moja ili makali yagongane. Bobari, yaani patasi iliyopinda kama mfereji, hutumika kufungulia makopo ya rangi. Kwenye miji ya pwani, kama Tanga au Mombasa, chombo huachwa bila mafuta usiku kucha ili hewa ya chumvi ifanye sehemu yake. Mwenye ukarimu humwazima jirani anayechimbua zege. Anayeona njia hizi zina taabu hubaki na ile inayotumika kuliko zote, isiyohitaji chombo wala gharama: kuona makali yanameta, kusikia mlio umebadilika, na kuamua kukata dakika tano zaidi kabla ya kwenda kunoa.