Mwongozo wa Mwalimu Mgeni: Namna ya Kumtuliza Mtoto kwa Kishikwambi

Umetumwa kufundisha Gredi ya 1 huku Kesses, na dawati la mbele kuna mtoto asiyekalika. Penseli imeshaanguka mara tatu, mkebe wa jirani umefunguliwa, na swali lako amelijibu kabla hujalimaliza, tena amelikosa. Usihangaike, mwalimu. Teknolojia ipo.

Mwaka 2013 wanasiasa wa muungano wa Jubilee nchini Kenya waliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Mradi ulipoanza 2016, ahadi ilikuwa imesinyaa ikawa vishikwambi. Wewe una bahati kuliko wengine: Chuo Kikuu cha Moi, chenye kampasi kuu papa hapa Kesses, kilishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno kuvisambaza katika kaunti 26. Vyako viko stoo. Ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko mkutanoni Eldoret.

Vikitoka, gawa kimoja kwa watoto watatu. Yule wa dawati la mbele, mwenye ADHD (hali inayotatiza umakini na utulivu), ambaye kungoja ni kazi nzito kuliko hesabu yenyewe, mpe zamu ya mwisho. Washa vyote pamoja, sauti juu. Vipokea sauti vya masikioni ni anasa. Akishindwa kuchagua kati ya wimbo wa herufi na trekta linalopita nje, ni shauri lake.

Maagizo yatoe yote kwa pumzi moja: toeni, washeni, andikeni jina, fungueni zoezi la nne, msiguse kingine. Kifaa hicho kinaweza kurekodi sauti yako, agizo moja moja, mtoto akalirudia hadi likamkaa. Usijaribu. Utaonekana mvivu.

Saa nayo iogope. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto huyu hupotea ndani ya muda, na kwamba duara jekundu linalopungua kwenye skrini humwonyesha dakika tano zinavyokwisha: anaandika mstari, anatazama duara, anaandika mwingine, kisha anaruhusiwa kusimama na kukusanya vitabu vya wenzake. Wewe mwambie tu "bado kidogo". Akiuliza tena, mwambie tena.

Akikosea, mnyang'anye. Akizama kwenye mchezo nusu saa, mwache, na ukimya huo uuandike kwenye ripoti kama maendeleo. Kwamba mtoto mwenye ADHD anaweza kuganda mbele ya mchezo unaomtuza kila sekunde, na bado mistari miwili ya kuandika ikamshinda, hilo lisikusumbue. (Mimi naona kishikwambi kimoja chenye saa, sauti ya mwalimu na zoezi moja tu kwenye skrini kinashinda hamsini vilivyofungiwa stoo, lakini nani ameniuliza?)

Mama yake akija, mwambie mwanawe ni mtundu. Vituo vya EARC vya kutathmini watoto vimekuwepo nchini tangu 1984, lakini ukimtajia atakwenda, halafu atarudi na mapendekezo, na mapendekezo ni kazi. Kiboko tu ndicho usichoweza kukishauri kwa maandishi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza.

Mwongozo huu ukikukera, mwalimu, ugeuze Jumatatu asubuhi. Anza na saa ya dakika tano, na mama umwandikie barua ya EARC.