Samaki wa Meya
Kule Dunkerque, Ufaransa, wakati wa kanivali, meya hupanda roshani ya jengo la mji akawarushia wananchi samaki wa kukaushwa kwa moshi. Ifakara, mji usio na shida ya kambale, hatujafika huko. Kanivali yetu ni Mwenge wa Uhuru, na mkono unaonyooshwa kwa mwananchi ni wa kuomba mchango. Atanikatiza mtu: Mwenge si mzaha, uliwashwa kileleni Kilimanjaro mwaka 1961, tena hukagua miradi. Haswa! Hapo ndipo kanivali inapoanza. Kiini chake ni vyeo kupinduliwa kwa siku moja. Na mkimbiza Mwenge, kijana tu, humkoromea mhandisi hadharani, hupima zege kwa futikamba, pengine hugoma kuzindua. Wakubwa huitikia “ndiyo, kiongozi” kama wanafunzi waliochelewa namba. Basi tuna ukaguzi, utasema. Tunao, wa siku moja. Kesho yake Mwenge umeshavuka Daraja la Magufuli kuelekea Ulanga, vyeo vimerudi vitini, na zege ni lile lile. Wenzetu wa Nice, huko huko Ufaransa, huchoma sanamu ya mfalme wao wa kanivali. Sisi moto tunao, ila unapita njia.