Jogoo Aliyetia Mdomo

Miongoni mwa michezo ambayo Waingereza waliifunga mizigoni mwao pamoja na chai na makaratasi ya serikali walipokuja Afrika ya Mashariki, umo mmoja wa kubiringisha matufe juu ya majani yaliyofyekwa na kusawazishwa, ambao hata leo unachezwa katika vilabu vya Kenya, na wachezaji wa nchi hiyo wamepata kushindana katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Habari zake tuliletewa kijijini kwetu Mchombe na kijana wa mwenyekiti wa chama chetu cha bao, kijana ambaye riziki yake iko Nairobi: ya kwamba wachezaji, aghalabu watu wazima waliokwisha kustaafu, huvaa mavazi meupe, hutanguliza kitufe kidogo, kisha kila mmoja hujitahidi kulifikisha tufe lake kubwa karibu na kile kidogo, na ya kwamba matufe yale makubwa hayaendi sawasawa, bali yameundwa kwa makusudi yapinde njiani. Wazee wa baraza letu walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo fundi baiskeli akauliza: tufe likipinda likapotelea kando, lawama ni ya tufe au ya mtu? Akaambiwa ni ya mtu. Fundi akatikisa kichwa, akahukumu kwamba huo si mchezo, ni dhuluma.

Kilichopokewa kwa hisani zaidi ni kisa cha Francis Drake, nahodha wa Kiingereza, ambaye husimuliwa kwamba mwaka 1588, akiwa katika mchezo huo mjini Plymouth, aliletewa habari ya kuonekana kwa merikebu za vita za Hispania, naye akajibu kuwa upo wasaa wa kumaliza mchezo kwanza, kisha wakawapige Wahispania. Mwenyekiti alipendezwa mno na kisa hicho, na sababu yake yajulikana kijiji kizima. Msimu uliopita mjukuu wake alimjia mbio akitweta kutoka shambani kumwarifu kwamba kweleakwelea wameshuka katika mpunga, naye, pasipo kuinua macho ubaoni, alijibu, "Waambie wangoje kidogo, nina mtaji." Ndege hawakungoja. Tena Drake alikuwa na Wahispania tu wa kukabiliana nao. Mwenyekiti alikuwa na mkewe.

Chama chetu hakina majani yaliyosawazishwa, wala mavazi meupe, ambayo kwa udongo mweusi wa bonde la Kilombero yangekuwa meupe mpaka saa mbili ya asubuhi. Tunao chini ya mwembe, kwenye njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa ikitutazama kwa upande mmoja na mashamba ya mpunga kwa upande wa pili, ubao wa mninga wenye mashimo 32, mabenchi mawili, moja lao likiwa na miguu mitatu, birika la kahawa, na daftari la mahudhurio na faini nililokabidhiwa mimi kwa kuwa, walisema, mwandiko wangu wasomeka na mchezo wangu hautishi. Tunayo na katiba, iliyotungwa na mwalimu mstaafu, ambamo ibara inayotumika kuliko zote ni ile isemayo kwamba mtazamaji haruhusiwi kutia mdomo katika mchezo wa wenziwe, na atakayetia mdomo atawanunulia kahawa wote waliohudhuria. Kahawa yetu yote, kwa hakika, hutokana na ibara hiyo.

Sasa yampasa msomaji asiyejua bao afahamishwe jambo moja, maana bila hilo msiba wetu hautaeleweka. Katika drafti kizibo kilicholiwa kimekwenda zake, hukiweka kando na habari yake ikaisha. Katika bao mchezaji hula lakini hamezi: kete alizozila kwa mwenziwe huzitawanya katika mashimo ya upande wake mwenyewe, hata ikawa kete 64, zikishaingia zote ubaoni, huhamahama kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini na kurudi, lakini hazitoki. Huo ndio msingi wa mchezo, na wazee waliotutangulia, Mungu awarehemu, hawakuona haja ya kutunga sharia ya kete itokayo ubaoni, kwa kuwa haikuwapo njia ya kutokea.

Kete zetu zilikuwa komwe halisi, zilizoletwa kutoka pwani, maana mkomwe ni mti wa fukweni na huku bara kwetu hauonekani. Lakini komwe ni duara, na watoto wana macho. Nne zilikwenda kuwa gololi. Moja ilidondoka katika choo cha shimo kutoka katika mfuko wa mtu ambaye hata leo hajaeleza ilifikaje mfukoni mwake, na hapakutokea wa kujitolea kuifuata. Tatu ziliazimwa na mganga wa ramli, ambaye alirudi akiwa na huzuni kusema zimepotea, wala ramli yake haijapata kumwonyesha zilipo. Tukaziba pengo kwa punje nane za mahindi, tukaona tumefanya busara kubwa.

Ikaja masika, na masika ya Mchombe si ya kucheza chini ya mwembe. Baraza likahamia katika ukumbi wa mashine ya kukoboa mpunga, ambapo ngurumo ya injini hairuhusu watu kusikilizana, jambo lililopunguza ugomvi na kupunguza kahawa pia, na ambapo kuku wa kitongoji kizima hushinda wakiokota chenga na kuparura pumba. Siku hiyo tulikuwa na mgeni wa taadhima, bingwa kutoka Mngeta, aliyevuka matope kwa pikipiki ili apambane na mwenyekiti. Bao lilikuwa limeshika utamu. Mgeni amejaza, mwenyekiti amekunja uso akitafuta pa kulia. Ndipo jogoo mwekundu, mwenye undu uliolalia jicho moja, aliporuka kutoka juu ya gunia la pumba akatua kwa mguu mmoja ndani ya nyumba ya mgeni, akainamisha shingo, akachagua. Komwe hakuzigusa. Alidonoa punje ya kwanza, akageuka akadonoa ya pili kwa mwenyekiti, akarejea kwa mgeni, na kabla fundi baiskeli hajamfikia na kofia yake, jogoo alikuwa amekwisha kuteremka.

Tukahesabu. Kete zilikuwa 59. Kwamba tano zimeliwa halikuwa na shaka. Zipi zilikuwa za nani, hilo kila mtu aliliona kwa jicho lake. Mgeni aliapa kwamba nne zilikuwa zake. Mwenyekiti, ambaye dakika moja kabla alikuwa hoi, aliapa kwamba nne zilikuwa zake, na akaongeza kwamba nne hizo ndizo alizokuwa amezitegemea kumfunga mgeni. Mwalimu mstaafu alisema sharia ya bao haimjui mlaji amezaye, kwa hiyo mchezo ni batili. Mgeni akashauri jogoo achinjwe, kete zirejeshwe ubaoni, na nyama iwe ya baraza zima. Shauri hili liliungwa mkono kwa wepesi ambao sijauona katika mambo mengine ya chama. Hapo fundi baiskeli akaikumbuka ibara ya katiba: jogoo ni mtazamaji, na kama pamepata kutokea mtazamaji aliyetia mdomo katika mchezo wa watu, ni huyu. Faini ni kahawa, na mlipaji ni mwenye jogoo.

Mwenye jogoo ndiye mwenye mashine. Alizima injini, akajifuta pumba usoni, akaja. "Shikamooni, wazee wangu," alisema, nasi tukaitikia kwa sauti ndogo. "Kuku ameletewa mahindi, amekula. Aliyemtandikia ni nani? Na ukumbi huu mnaoukalia tangu mvua ianze, kodi yake iko katika daftari gani?"

Watu wote wakanitazama mimi mwenye daftari, ambamo hapakuwa na ukurasa wa kodi. Mwalimu akakohoa. Mwenyekiti akatamka kwamba anaona mvua imepungua, ingawa ilikuwa inamwagika, na mgeni akaenda kuiangalia pikipiki yake. Kahawa ya siku ile tulichangishana, na kikombe cha kwanza alipewa mama mwenye mashine.

Bao lile liliandikwa kuwa limeahirishwa, na halitarudiwa mpaka kete zitimie, kwani mgeni ameapa kutocheza tena na nafaka. Kwa hiyo, wewe msomaji wa Tanga, Bagamoyo au Kilwa, ambaye mkomwe umeota nyuma ya nyumba yako na watoto wanauogopa kwa miiba yake, tafadhali chuma komwe nane, zifunge katika kitambaa, umpe mtu yeyote apandaye basi la Ifakara aendeleaye Mlimba, aziteremshe Mchombe penye mashine ya kukoboa. Ukituma kumi hatutazirudisha.