Shabana, Anzeni Nyuma

Dirisha la usajili likikaribia tu, steji ya bodaboda hapa Keroka inageuka benchi la ufundi. Kila mtu kocha. Mji wenyewe uko nusu Kisii nusu Nyamira, kaunti mbili zinavutania ushuru wa soko mwaka nenda mwaka rudi, lakini ukitaja Tore Bobe, klabu yetu ya Shabana, mpaka unafutika. Wote ni Shabana. Na wote, ukiwauliza tusajili nani kwanza, wanajibu kwa sauti moja: straika!

Nyoo! Straika tena?

Nawaelewa lakini. Omogaka yeyote hapa ukimtajia Shabana ya miaka ya themanini atakuanzia na Henry Motego, na macho yatamng'aa kana kwamba bao liliingia jana. Atakukumbusha pia kwamba Mike Okoth alipitia Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji, na kwamba mwanawe Divock ndiye aliyeifungia Liverpool kwenye fainali ya Ulaya mwaka 2019. Sawa, mzee, tumesikia. Sasa muulize beki wa kati wa Shabana ya enzi hizo alikuwa nani. Atakohoa. Atauliza chai imefika wapi.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Tunasajili tunachokumbuka.

Timu hii ilishuka daraja mwaka 2006 ikakaa nje ya ligi kuu miaka 17. Iliporudi mwaka 2023, Gusii Stadium ilifurika, watu wakacheza, wakalia. Kisha ligi ikaanza na tukaonyeshwa kilichomtoa kanga manyoya. Msimu ule wa kwanza tuliumaliza tukipigania kubaki, roho mkononi. Na mimi niliyekuwa nikikaa upande wa jukwaa lisilo na paa nitawaambia tulikuwa tukiumizwa wapi. Mpira Kisii unaanza saa tisa, na mvua ya Kisii nayo inaanza saa tisa. Kufika kipindi cha pili uwanja umelowa, pasi fupi haziendi, kila mtu anabutua. Kona inapigwa. Kipa anatoka hatua mbili, anajuta, anarudi. Mpira unadunda mbele ya goli, mabeki wetu wawili wanatazamana kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Wavu. Straika wetu mwenye jina kubwa wakati huo yuko katikati ya uwanja, mikono kiunoni, soksi safi.

Mpwa wangu yuko Minnesota, huko walikojaa Wakisii mpaka wana makanisa yao. Ananiambia mpira wao ule wa mikono, NFL, una timu 32, na kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni wanagawanywa kwa zamu katika raundi saba. Aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Nilimwambia arudie, nikadhani simu inakatika. Kwetu ni kinyume, bwana! Kwetu Gor Mahia anachagua, Tusker anachagua, Police aliyebeba ubingwa wa 2024/25 anachagua, halafu sisi wengine tunaokota makombo. Na usisahau timu za sare. Ulinzi Stars hampi mchezaji mshahara wa mpira peke yake, anampa kazi ya jeshi. Wewe kijana wa miaka 21, baba yako ana mashina machache ya chai pale Ekerenyo, utachagua nini kati ya pensheni na wimbo wa mashabiki?

Lakini huyo mpwa aliniambia jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nisonye kuliko yote. Huko Marekani makocha wa siku hizi hawaanzi na yule mkimbiaji anayeshangiliwa na uwanja mzima. Wakimbiaji wanapatikana hata raundi za mwisho. Wanaanza na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, kisha yale majitu manene yanayomlinda, ambayo hakuna mtoto anayevaa jezi yao. Wanalipia kile ambacho ni adimu.

Basi tujiulize sisi: Gusii adimu ni nini? Si mbio. Naftali Temu wa Nyamira ndiye aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, 1968. Miguu tunayo, mapafu tunayo, milima imetutengeneza. Nenda Nyansiongo au Manga mwezi Desemba shule zikifungwa, utaona mashindano ya kombe la mheshimiwa fulani, jezi zina sura yake kifuani, na uchaguzi wa 2027 unavyonukia yatazidi kuwa mengi. Winga mmoja amevaa raba iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Asubuhi alikuwa akichuma chai, saa tisa anawapita watu watatu kwenye mteremko. Wa aina yake ni wengi. Straika wa kijiji pia ni wengi.

Ila mwangalie kipa. Mara nyingi ni yule aliyechelewa, au mwenye mpira ambaye hajui kucheza. Glovu hana. Uwanja ni changarawe, akiruka anachunika kiwiko, na mama yake atamwuliza shati limeraruka wapi. Nani atataka kuwa kipa? Beki wa kati mrefu naye akionekana anapelekwa mbele, eti apige vichwa. Namba sita ndiyo hakuna kabisa. Kila kiungo anataka kuwa namba kumi.

Kwa hiyo kipa hatumkuzi, lazima tumnunue. Beki wa kati vilevile, na namba sita mwenye kifua cha kusimama kwenye tope la Kisii dakika zote tisini. Pesa ziende huko. Winga wa kununua kutoka Nairobi, mwenye wakala na miwani ya jua, wa nini? Ni kama kununua ndizi mjini ukazibebe hadi Kisii.

Mama mmoja anayeuza parachichi pembeni ya steji alinikata maneno. "Mwalimu, bila mabao si tutatoka sare hadi Yesu arudi?" Ana haki. Straika mmoja tumchukue, kwa mkopo, asiyezidi miaka 25, na alipwe kwa mabao. Mmoja. Siyo wanne kama tunavyopenda, watatu wakiwa wamemaliza siku zao za mpira na wanatafuta pa kustaafia.

Mwenyekiti, hii steji haina kura kwenye kamati yako, lakini ndiyo inayojaza uwanja wako. Kabla hujampigia wakala simu, tafuta kipa. Halafu beki wa kati. Halafu namba sita. Wino wa hao watatu ukikauka, mtume kocha wa vijana aende Manga na Nyansiongo Desemba na daftari. Nauli yake tutamchangia.