Sifa za Benchi la Zahanati

Tunasifu maharusi, tunasifu marehemu, tunasifu timu zetu hata zikifungwa. Benchi la zahanati hakuna anayelikumbuka, ilhali hakuna aliyeumwa nchi hii ambaye halijambeba. Leo naomba nilitendee haki.

Ndilo mtumishi pekee asiyechelewa. Saa 12 asubuhi mapokezi pamefungwa, mganga mfawidhi yuko njiani, ufunguo wa maabara uko kwa mtu asiyepatikana kwenye simu. Benchi lipo kazini tangu jana. Haliendi semina wilayani wala halinywi chai ya saa 4. Mfumo ukianguka, namba ya malipo ikagoma kutoka, na dada wa mapokezi akatukodolea macho utadhani sisi ndio tuliouangusha, benchi linaendelea kupokea wenye bima na wasio na bima.

Mwaka 2007 Serikali ilipanga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Nimepita kwenye majengo yanayongoja dawa, na mengine yanayongoja wahudumu. Sijaona hata moja linalongoja benchi.

Na utaratibu wake hauhitaji kompyuta. Ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Mkono unanyooka, umeshaandikishwa. Baada ya hapo ni kusogea tu: mmoja akiingia kwa daktari, safu nzima inaburuta makalio nafasi moja, kila mtu anakalia joto la mwenzake. Ubao umelainika kuliko samani yoyote iliyopigwa msasa. Ukutani lipo bango la kumpisha mzee kwanza, agizo zuri kabisa. Siku niliyokwenda mimi wazee walikuwa nusu ya benchi, wakabaki kuulizana nani amwamkie nani.

Wapo wanaolilaumu eti halina egemeo. Hawajui tiba hao. Egemeo lingetulaza, na mgonjwa aliyelala hawezi kumsikia nesi anayeita mara moja tu, kwa sauti ya chini, tena jina la babu yako badala ya lako.

Ila utukufu wake hasa ni ushauri. Ndani, daktari ana dakika zako mbili, macho yakiwa kwenye daftari. Nje, benchi lina asubuhi nzima. "Kaka, unaumwa nini?" Kabla hujamaliza kujibu, umeshapatiwa typhoid, vidonda vya tumbo na jirani mwenye kijicho. Bibi mmoja pembeni yangu bado anaililia klorokwini, iliyoondolewa kwenye tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ikaja SP, na mwaka 2006 ikaanza kuachia nafasi dawa mseto. Yeye hataki kusikia habari hizo. Klorokwini ilimwasha mwili mzima, na dawa isiyowasha, anasema, haijafika kwenye damu. Nilitamani kumbishia, lakini nani mwingine alikuwa amenisikiliza siku ile?

Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Karatasi ya jibu kutoka maabara mpaka kwa daktari, mlango wa pili tu, ilitembea saa mbili. Wenye chuki watasema huo ni uzembe. Mimi nasema benchi lilikuwa halijamaliza kazi yake: kijana aliyekaa mbele yangu homa ilimshuka hapo hapo, akaaga, akaenda zake kazini bila kumwona mtu. Hospitali ipi ya rufaa inaponya kwa gharama hiyo?

Kwenye dirisha la dawa niliambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje." Za maumivu zilikuwepo, nikazipokea kwa mikono miwili, maana mgongo ulikuwa umeanza. Nilikuja na ugonjwa mmoja, benchi likaniongezea wa pili bila kunidai hata shilingi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiamka na homa, wahi. Beba daftari, kalamu yako mwenyewe, maji, na khanga ya kukunja ukalie. Kaa upande wa ukutani. Lakini mtoto mwenye degedege, au mama aliyeshikwa na uchungu, usimkalishe wala usiulize wa mwisho nani. Ingia naye moja kwa moja, na wewe uliye kwenye foleni, mpishe.