Namna ya Kupoteza Imani Kotile Bila Kupoteza Watu

Kwanza, usitangaze. Imani haikukutoka siku moja, basi na habari zake zisitoke kwa jioni moja. Ukisema dukani asubuhi kwamba humwamini tena Mungu, adhuhuri mji wetu mzima wa Kotile utakuwa unajua. Hooyo, mama yako, asisikie kwa jirani. Mwambie wewe, mkiwa wawili, na uwe tayari kumwona akilia.

Pili, usijitungie sababu kubwa. Wapo ambao imani iliwatoka kati ya 2020 na 2022, mvua ziliposhindwa kunyesha misimu mitano mfululizo, nao wakihesabu mizoga ya ng'ombe baada ya kila sala ya kuomba mvua. Wapo iliowatoka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mimi ilinitoka polepole, bila msiba wowote. Nilikuwa naswali, siku moja nikagundua nazungumza peke yangu. Sema lililo lako.

Ijue sheria pia. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakulinda: hakuna wa kukulazimisha kuamini wala kuabudu. Lakini soma na cha 170. Mahakama ya Kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote zinakiri Uislamu na kukubali kuhukumiwa huko, na katika fiqhi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Neno lako litafika hadi kwa mkeo na wanao. Lipime kabla hujalisema.

Usidhani uko peke yako. Katika sensa ya 2019, Wakenya 755,750 walisema hawana dini. Nairobi kuna hata chama cha wasioamini Mungu, kilichosajiliwa Februari 2016. Lakini Nairobi ni mbali, na baba yako atazikwa hapa.

Hapo ndipo kazi ilipo: mazishini. Msiba ukitokea, uwe wa kwanza kushika jembe. Chimba kaburi, chimba na mwanandani, beba jeneza ukipewa zamu. Mimi safu ya sala ya jenazi siingii, kwa sababu sitaki kumdanganya marehemu, ila kutoka makaburini hutoka wa mwisho. Ramadhani usile mbele ya waliofunga. Magharibi ukiitwa kufuturu, nenda, ukae mkekani na wenzako.

Na usiwadharau watu wa ulikotoka. Desemba 2015 wauaji walisimamisha basi huko Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Alikuwa Mwislamu. Kabla hujasema dini haina faida, jiulize wewe ungekataa kwa nguvu ya nini. Swali hilo nimekaa nalo miaka, na jibu nililonalo ni dogo: yule aliyekaa kiti cha pili ana mama kama mimi. Tafuta lako, maana bila hilo hutakuwa umeacha dini tu, utakuwa umebaki mtupu.

Nanyi wazazi na masheikh wa Kotile, kijana akija kuwaambia, msimfukuze usiku. Mpeni chai, mwacheni alale nyumbani kwao.